Chumbe kwa jicho la mtu wa stoo

Wengi walioandika kuhusu Chumbe, kisiwa kidogo cha hifadhi karibu na Unguja, Zanzibar, wamesifu matumbawe, na wana haki. Mimi kazi yangu ni manunuzi ya hoteli, huku mashariki ya Unguja, kwa hiyo nilipokwenda kwa ziara ya mchana nilitaka kujua jambo jingine: hapa kinanunuliwa nini, na kipi hakinunuliwi kabisa. Nimewapa nyota tano, na sababu zangu hazihusu samaki.

Nianze na maji. Chumbe ni mwamba wa matumbawe, kisima cha maji matamu hakuna. Nyumba za wageni ziko 7 tu, na kila moja ina paa kubwa linalokinga mvua. Maji yanapita kwenye mchujo wa mchanga na kokoto, yanaingia kwenye tangi lililojengwa chini ya sakafu, kisha yanapandishwa juu kwa pampu ya mkono na kupashwa moto kwa jua. Yakishaogewa yanakwenda kwenye kitalu cha mimea inayoyanywa kabla hayajafika baharini. Choo hakivutwi kwa maji, ni cha mboji: uchafu unaoza humo na kuwa mbolea. Niliingia makusudi nikanusa: hakuna harufu. Umeme ni wa jua, na usiku mgeni anatembea na tochi, kwani taa za nje zinawasumbua wanyama.

Mtu wa stoo akiyaona hayo anaona mistari iliyofutika kwenye bajeti. Boza la maji halipo. Dizeli ya jenereta haipo. Gari la kunyonya majitaka halipo. Katika hoteli nilizofanya kazi, hivyo vitatu ndivyo vinavyokula fedha mwezi baada ya mwezi, na bei yake hupanda wakati ule ule wageni wanapojaa, maana kila hoteli ya ufukweni inaita boza lile lile. Meneja anayedhani utunzaji wa mazingira ni gharama ya ziada achukue ankara zake za Agosti azipange mezani. Ataona mwenyewe fedha inakovujia.

Chupa za plastiki nazo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini maji ya chupa bado yanaingia mahotelini kwa katoni, na chupa tupu zinaishia nyuma ya jiko au vichakani. Kisiwani, takataka uliyoileta ni lazima uirudishe kwa boti, na hilo peke yake linamfundisha mnunuzi adabu. Ningependa kila mzabuni wetu angelazimika kuondoka na makreti na maboksi yake siku ile ile aliyoleta mzigo.

Chakula kilikuwa cha kwetu: samaki, mchuzi wa nazi, mboga, matunda ya msimu. Kitamu, wala sikukosa kitu. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hoteli nyingi hupenda kuandika kwenye tovuti zao kwamba zinanunua kwa wakulima wa jirani, na mimi najua jambo hilo linavunjikia wapi. Linavunjikia kwenye malipo. Mkulima wa Kizimbani au Bumbwini akileta tungule (nyanya) na mchicha leo, anataka fedha yake wiki hii, kwa sababu ana mbegu za kununua na watoto wa kulisha. Hoteli ikimwambia asubiri miezi miwili, atauza sokoni, na mwezi ujao harudi. Anayeweza kusubiri ni mfanyabiashara mkubwa anayeleta mzigo kutoka bara kwa meli. Basi hoteli inarudi kwake, mboga zinasafiri mbali, nusu zinafika zimesinyaa, na bei inabeba nauli yote hiyo. Nimeona wapishi wakitupa kreti nzima ya tungule zilizopondeka. Anayetaka ununuzi wake uwe safi aanze na mhasibu, halafu ndiyo aje kwa mpishi.

Je, biashara yenyewe inalipa? Chumbe ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1994, na nyumba za wageni zilipokea watu miaka michache baadaye. Ujenzi ulichukua muda mrefu na fedha nyingi kuliko ilivyopangwa, na mwekezaji anayetaka kuiga alijue hilo mapema. Lakini fedha za wageni ndizo zinazoendesha hifadhi, zinalipa walinzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, na zinawaleta wanafunzi wa skuli zetu bila malipo kujifunza bahari yao. Mgeni anakubali kulipa bei kubwa kwa sababu mwamba uko hai. Wakiuharibu, hawana cha kuuza.

Bei ya kulala ni kubwa kwa mshahara wa mtumishi wa hoteli, na sidhani kwamba mfumo wote unaweza kuhamishiwa kwenye hoteli ya vyumba 200. Paa la ghorofa tatu halitakinga mvua ya kuwatosha wageni wote wale, sembuse bwawa la kuogelea. Ila kitalu cha kusafisha maji ya kuogea kinawezekana hata huku kwetu, na kumwagilia bustani kwa maji hayo kungepunguza safari za boza. Maji ya kupasha kwa jua yanawezekana pia. Kumlipa mkulima kila Ijumaa kunawezekana kuanzia wiki hii.

Ukienda, vaa viatu visivyoteleza, chukua chupa yako ya maji kutoka nyumbani, na uliza kwanza kama wako wazi ikiwa ni majira ya masika. Ukiwa mtu wa hoteli kama mimi, mwombe anayekutembeza akuoneshe tangi la chini ya sakafu na vitalu vya nyuma kabla hujaingia majini. Nenda na fundi wenu wa mabomba. Atakuwa na maswali mengi kuliko wewe.