LosslessCut: programu ya bure ya kuunga klipu za droni bila kuchakachua picha

Wakuu mnaorusha droni hapa Dodoma, iwe harusi, saiti za ujenzi kule Mtumba au mashamba ya zabibu Hombolo, kuna programu inaitwa LosslessCut naomba muijue, maana naona watu wengi bado wanahangaika na kitu ambacho dawa yake ipo na ni ya bure.

Shida yenyewe iko hivi. Umerusha droni ukaiacha inarekodi mfululizo, ukija kufungua memori kadi unakuta video imekatwa vipande vipande. Droni haijaharibika wala kadi sio feki. Kadi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida zinafomatiwa kwa FAT32, na huo mfumo hauruhusu faili moja kuvuka GB 4, kwahiyo droni ikikaribia hapo inafunga faili inaanza lingine, na hata ukiweka kadi kubwa zaidi yenye exFAT (mfumo usio na kikomo hicho) kuna droni kibao zitaendelea kukata hapohapo. Sasa piga hesabu, 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni MB 12.5 kila sekunde, dakika tano na ushee tu GB 4 zimejaa! Rekodi dakika 25 za saiti unarudi na GB karibu 19 zilizogawanyika kwenye mafaili matano.

Wengi wanachofanya ni kuyaburuta yote kwenye programu ya kueditia halafu wanaekspoti upya ili wapate faili moja. Inakubali ndio, ila ujue kinachotokea pale ndani, kila fremu inafunguliwa halafu inabanwa tena kuanzia mwanzo, na kila ukibana tena kuna kitu kinapotea. Na huku kwetu ndo inaonekana vibaya kabisa kwasababu picha zetu zimejaa vitu vidogovidogo, nyasi kavu, mistari ya majani ya mizabibu, changarawe, vumbi likitimka barabarani, hivyo ndo vitu vinavyovurugika kwanza ukibana video, na lile anga jeupe la mchana linaanza kutoka mabakamabaka. Afu na laptopu yenyewe inaunguruma muda wote huo.

LosslessCut haigusi picha kabisa. Inachukua data kama ilivyotoka kwenye droni na kuipanga mfululizo ndani ya faili moja, basi. Ndo maana faili linalotoka ukubwa wake unakaribiana sana na jumla ya vipande vyote, na kasi yake inategemea diski yako inavyokopi, sio prosesa, kwahiyo hata laptopu ya kawaida inaifanya kazi hii vizuri tu, ukiwa na SSD ndo raha zaidi. Imetengenezwa na Mikael Finstad wa Norway, na inayofanya kazi ndani yake ni FFmpeg, programu ya kuchakata video inayotumiwa kwa kuandika amri, ile iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo nayo ukiwa mzoefu wa kuandika amri unaweza kuitumia yenyewe ukapata matokeo yaleyale. Ila kwa mtu anayetaka kuburuta mafaili na kubonyeza kitufe mi namshauri LosslessCut bila kusita.

Kuitumia, ingia menyu ya Tools, chagua ile ya kuunganisha mafaili, weka vipande vyako, hakikisha mpangilio maana namba ambazo droni inayapa mafaili zikifika mwisho zinaanza upya na kipande cha mwisho kinaweza kukaa juu, kisha unganisha.

Masharti yapo na ni magumu. Vipande lazima vifanane, kodeki ileile (yaani njia ya kubana video, kama H.264 au H.265), ukubwa uleule wa picha, idadi ileile ya fremu kwa sekunde. Vipande vya mruko mmoja havina tatizo kabisa, maungio huyaoni. Ila ukichukua klipu ya 4K fremu 30 ukataka kuiunga na ya 1080 fremu 60, au H.264 na H.265, hapo sahau, yenyewe itakuonya, na ukilazimisha utapata video inayoganda au kuvurugika. Hiyo kazi ipeleke kwenye programu ya kueditia. Kukata nako kuna lake, bila kubana upya kipande kinaanzia kwenye fremu kuu (keyframe, ile inayobeba picha nzima), kwahiyo mwanzo unaweza kusogea nyuma kidogo ya pale ulipotaka. Rangi, muziki na maandishi humo hamna.

Kwa nyie mnaofanya kazi za wakandarasi na upimaji, yale mafaili madogo ya SRT yenye kodineti ambayo droni inayatoa pembeni hayaungwi pamoja na video, yatunzeni na vipande vyake asilia. (Na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, jamani, uwanja wa ndege wetu uko katikati ya mji.)

Kuipata LosslessCut ni bure kwenye tovuti ya GitHub, ipo ya Windows, Mac na Linux, ukiikuta inauzwa kwenye stoo ya Microsoft au ya Apple ni ileile, hela inamsaidia aliyeitengeneza, mwenye nacho amuunge mkono maana anastahili. Ukishaunga usifomati kadi kwanza, fungua faili jipya, ruka moja kwa moja hadi kwenye kila ungio, angalia sekunde chache kabla na baada, ikipita laini kopi kwenye diski ya nje ndo uifute kadi.