Kinoo cha maji cha 1000/6000: kinanoa vizuri, ila chenyewe nacho kinataka kunyooshwa

Watu wengi wa patasi na randa huanza na kinoo cha maji (jiwe la kunolea linalotumiwa na maji) chenye pande mbili, 1000 upande mmoja na 6000 upande wa pili, namba ikipanda chembe huwa laini zaidi, na wengi wao hukaa miaka bila kutamani kingine. Tunachokitazama hapa ni kile cha kawaida: urefu wa sentimita 18 hivi, upana 6, unene 2.5, tabaka mbili zilizounganishwa kwa gundi, na kiti cha plastiki cha kukiwekea ndani ya boksi. Hukumu yetu ni fupi. Kwa kunoa, ni kizuri sana. Kwa kufufua chuma kilichong'oka mapengo, hakifai. Kile kiti cha plastiki ni cha kutupa. Na kwa mtu anayetaka kazi ya mikono yake iwe sehemu ya ibada yake, hiki ni mwalimu asiyependelea mtu, kwa sababu zitakazoonekana katika matumizi yenyewe.

Tuanze na namba. Upande wa 1000 una chembe zinazokaribia maikroni 14 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), ule wa 6000 zinakaribia maikroni 2. Wa kwanza huunda makali, wa pili huyasafisha. Swali linaloulizwa kila mara ni kama pengo kati yao si kubwa mno, kama hapangefaa kuwe na 3000 katikati. Hapana haja, mradi kazi ya 1000 imekwisha kweli. Tatizo la wengi ni kuhamia upande laini mapema. Chuma kinameta, mwenyewe anafurahi, akikipeleka kwenye mbao kinararua nyuzi. Mikwaruzo imeng'arishwa tu, makali hayajafika. Mng'ao haukati kitu.

Kabla ya kazi, loweka upande wa 1000 kwa dakika 10 hivi, mpaka viputo viishe kupanda. Upande wa 6000 hauhitaji kulowekwa, nyunyizia maji tu unapoanza. Kuna wanaokiacha kinoo ndani ya ndoo siku zote ili kiwe tayari wakati wowote. Kwa kinoo cha tabaka mbili hilo si jambo jema: tabaka laini hulegea, na gundi ya katikati huchoka. Wala usitie mafuta hata tone. Mafuta huziba vitundu, na kinoo cha maji kilichokunywa mafuta hakirudi tena hali yake.

Kwa patasi mpya au kisu kipya cha randa, kazi ya kwanza si upande wa mshazari, ule ulioinama kuelekea ncha, bali mgongo, yaani upande bapa wa nyuma. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Uso mmoja ukiwa na mawimbi ya kiwandani, huo wa pili unahangaika bure. Laza mgongo wote bapa juu ya 1000, bonyeza kwa vidole karibu na ncha, sugua mpaka sentimita 2 au 3 za mwisho ziwe na rangi moja bila doa, kisha rudia kwenye 6000. Chuma kikaidi kinaweza kuchukua nusu saa. Kazi hii hufanywa mara moja katika maisha ya patasi, nayo haionekani: fundi akikabidhi kabati, hakuna mteja atakayegeuza patasi kutazama mgongo wake. Waraka kwa Wakolosai unawaambia watumwa wafanye kazi kwa moyo kama kwa Bwana, si kwa wanadamu, na ukitaka kujua kama umelielewa neno hilo, hapa ndipo pa kujipima. Walioruka hatua hii wanajulikana kwa jinsi wanavyonoa kila siku bila kupata makali.

Baada ya mgongo, mshazari. Patasi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na digrii 25. Acha hizo 25 zilivyo, kisha noa ncha peke yake kwa digrii 30, ukanda mwembamba wa milimita 1 au pungufu. Kwa njia hii unaondoa chuma kidogo sana kila unaponoa. Ukanda ukipanuka kupita milimita 2, rudi kwenye 25 uanze upya. Patasi ya kutoboa matundu kwa nyundo ivumilie 30 hadi 35, vinginevyo ncha itavunjika vipande vidogo. Ya kuchonga kwa mkono bila nyundo inaweza kushuka mpaka 20 au 25.

Kama mkono haujazoea, tumia kishikio chenye gurudumu. Kile cha kawaida kinachobana chuma kutoka ubavuni kina hesabu rahisi: patasi ikitokeza milimita 30 mbele ya kishikio unapata digrii 30, ikitokeza 40 unapata 25. Kisu cha randa hukaa juu zaidi kwenye kishikio hicho, kwa hiyo ni milimita 38 kwa digrii 30, na 50 kwa digrii 25. Pigilia vibanzi vya mbao kwenye ubao kwa vipimo hivyo, usipime kwa rula kila siku. Wapo wanaokidharau kishikio wakisema fundi wa kweli hunoa kwa mkono mtupu. Ni maringo hayo. Mkono mtupu ni mzuri ukishakomaa, lakini mkono mchanga unayumba, na mshazari unakuwa wa mviringo kama tumbo la samaki.

Sugua kwenye 1000 kwa kwenda na kurudi, ukitumia urefu wote wa jiwe na kuhama kushoto na kulia. Usihesabu mara. Kitu cha kutafuta ni unyuzi: chuma chembamba kinachojikunja upande wa mgongo pale mshazari unapofika kwenye ncha. Pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usikipitishe kufuata urefu wa makali, na utausikia ukikwaruza. Unyuzi ukiwa katikati na haupo pembeni, pembeni hapajanolewa. Ukiwa umeenea kutoka kona hadi kona, upande wa 1000 umemaliza kazi yake, iwe ni kwa mara ishirini au mia mbili. Mtu anayehesabu mara hamsini kisha akahama, hesabu yake ni sahihi na patasi yake ni butu. Waumini wa dini zote wanamjua mtu wa namna hiyo katika mambo makubwa kuliko patasi.

Geuza kinoo. Kwenye 6000 vuta tu, usisukume ncha mbele: tabaka hili ni laini na patasi iliyoinuka kidogo itachimba mfereji ndani yake. Mara 10 mpaka 15 kwa mkono mwepesi zinatosha. Usioshe tope linalotokea, nalo linanoa. Kisha laza mgongo bapa kabisa, vuta mara chache, rudi kwenye mshazari, rudi tena mgongoni, ukipunguza nguvu kila zamu, hadi unyuzi uanguke wenyewe. Kuukwangua kwa ukucha au kwa ubao huacha ncha iliyoraruka.

Kujua kama umefika, shika chuma chini ya taa ncha ikikutazama. Makali butu hurudisha mwanga, utaona mstari mweupe au vidoadoa. Makali kamili hayaonyeshi kitu. Baadaye jaribu kwenye kichwa cha mbao laini, pale nyuzi zilipokatwa kwa msumeno: patasi kali inaacha uso unaoteleza, butu inaponda nyuzi na kuacha unga. Kunyoa nywele za mkono ni mchezo wa kujionyesha, na unaweza kunyoa kwa chuma ambacho bado kina unyuzi.

Visu vya jikoni na vya kuchinjia navyo vinakubali kinoo hiki. Kwa kisu, digrii 15 hadi 20 kila upande. Kisu chenye upana wa milimita 45 kitakuwa na digrii 15 mgongo wake, yaani ukingo usio na makali, ukiinuka milimita 12 juu ya jiwe, na 20 ukiinuka 15. Anza kisiginoni, malizia nchani, na pale kisu kinapopinda inua mpini kidogo, la sivyo ncha haitaguswa. Kwa Waislamu jambo hili lina hukumu yake wazi. Katika hadithi iliyomo kwenye Sahihi Muslim, Mtume alieleza kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani, yaani kufanya jambo kwa uzuri, katika kila kitu, na mfano alioutoa ni wa kuchinja: mtu anoe kisu chake, ampumzishe mnyama wake. Kunoa kumetajwa kwa jina lake. Huwezi kudai nia njema huku kisu kikikereza.

Mhubiri 10:10 inalisogelea jambo hilo hilo kutoka upande wa nguvu: chuma kikiwa butu na kisinolewe, mtu hana budi kuongeza nguvu. Fundi anaijua gharama ya nguvu hiyo. Patasi butu husukumwa, patasi inayosukumwa huteleza, na mkono wa kushoto uko mbele yake. Uso wa mbao uliopondwa haushiki gundi vizuri. Vidonda vingi vya karakana vinaanzia hapo, kwenye chuma ambacho mwenyewe aliona kitavumilia mpaka kesho.

Sasa kasoro yake kubwa, ambayo kwa maoni yetu ndiyo somo lake kubwa pia. Kinoo cha maji hulika. Ndiyo maana kinanoa haraka: chembe zilizochoka zinang'oka na mpya zinatokea. Lakini hulika zaidi katikati, kwa sababu hapo ndipo kila mtu husugua. Baada ya muda kinakuwa na bonde lisiloonekana kwa macho, na kuanzia hapo kinahamishia upotovu wake kwa kila chuma kinachokigusa. Kisu cha randa kilichokuwa na makali yaliyonyooka kinapata upinde, mgongo wa patasi unapoteza ubapa uliougharimia nusu saa. Nacho kinaendelea kukwaruza kwa sauti ile ile na kutoa tope lile lile. Wanaonoa wengine, wawe wazazi, walimu au wahubiri, wasome aya hii mara mbili.

Tiba yake ni dakika mbili. Tafuta kioo kinene, milimita 6 au zaidi, ubandike juu yake msasa wa maji namba 220 uliolowa. Chora miraba kwa penseli juu ya uso wa kinoo, mistari ikiachana sentimita 1 au 2. Sugua kinoo juu ya msasa, ukigeuza mwelekeo. Mistari ya pembeni itafutika kwanza, ya katikati itabaki: hilo ndilo bonde. Endelea mpaka mstari wa mwisho utoweke. Fanya hivyo kila baada ya dakika 10 au 15 za kunoa, si mara moja kwa mwezi. Ukinyoosha mara kwa mara unaondoa kidogo sana. Ukisubiri, utaondoa milimita nzima kwa siku moja. Malizia kwa kuvunja kona za jiwe kidogo kwa msasa ili zisimomonyoke, kisha suuza vizuri. Chembe moja ya msasa ikibaki kwenye 6000 itachora mkwaruzo utakaokusumbua mchana kutwa.

Mapengo ndiyo yanayokishinda. Patasi iliyogonga msumari ikang'oka nusu milimita itakumalizia upande wa 1000 na subira pia. Kwa kazi hiyo pata jiwe la namba 220 hadi 400. Wengine hukimbilia grenda ya mezani, na hapo kuna hatari yake: chuma kikigeuka rangi ya buluu kimefika karibu digrii 300 za Selsiasi, ugumu wake umekwenda, na sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka isagwe yote. Ukilazimika, chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Kinoo cha maji ni cha polepole, ila hakijawahi kuunguza chuma cha mtu.

Kile kiti cha plastiki huteleza kikilowa. Taulo iliyokunjwa na kulowanishwa, au ubao wenye kizuizi mbele na nyuma, ni bora mara kumi. Kukausha ni kivulini, kikisimama kwa ubavu. Jua kali hupasua tabaka. Chuma nacho kifutwe mara moja na kipakwe mafuta mepesi, kwa sababu maji ya kinoo huleta kutu ndani ya saa chache.

Tunampendekezea nani? Yeyote mwenye patasi, randa au visu anavyovitegemea, na aliye tayari kunyoosha kinoo kila mara bila kununa. Asiyetaka hiyo ratiba achukue bamba la almasi, ambalo halipati bonde, ingawa makali yake ya mwisho huhitaji kumaliziwa kwenye ngozi iliyopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia chuma. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 13, Waisraeli wasio na mhunzi walilazimika kuteremka kwa Wafilisti, adui zao, kunolewa majembe na mashoka, tena kwa malipo. Kinoo kimoja kabatini kinakuondolea safari za namna hiyo.

Wakati wa kununua, kitazame kwa ubavu: mstari wa gundi uwe umenyooka bila mwanya, kona zisiwe na ufa, na ukikigonga kidogo kwa kucha kitoe mlio safi, si wa kupwaya. Kikija kuachana kwenye gundi baada ya miaka, usikitupe. Kausha vipande vyote viwili, kila kimoja kibandike kwa gundi ya epoksi juu ya ubao mgumu uliopakwa vanishi pande zote, na una vinoo viwili.