Bahasha Ilifika Mtwara Salama, Ikafia Ofisini kwa Wakala

Nianze na bahasha, maana kila nikiikumbuka safari hii ya kuomba ukaazi wa kudumu Kanada, mengine yote yanajificha nyuma yake. Bahasha ya kaki, mdomo umebandikwa, muhuri wa chuo umegongwa juu ya mdomo mara mbili, na mama wa masjala ametia saini ikakatiza pale pale kwenye maungio. Ndani kuna matokeo yangu ya miaka minne ya uhandisi wa umeme. Taasisi niliyoichagua ya kupima vyeti kule Kanada inataka bahasha iwafikie vile vile ilivyotoka chuoni. Ikishafunguliwa, ni karatasi ya kufungia maandazi.

Sasa mtu mwenye akili angeituma moja kwa moja kutoka Dar. Lakini wakala wangu wa hapa Mtwara, anayewashughulikia watu maombi ya kuhamia nje, alisisitiza kila karatasi ipitie mkononi mwake, ndiyo "utaratibu wa ofisi". Basi rafiki yangu akaichukua chuoni akaipakia kwenye basi la Mtwara. Ilikuwa kipindi kile cha Kimbunga Hidaya, barabara imeharibika kule Somanga, basi linafika likijisikia. Bahasha imelala njiani, imevuka Rufiji, imepita Nangurukuru, imepita Mingoyo, imekaliwa na gunia la vitunguu la mtu. Imefika stendi nzima! Inanuka vitunguu, lakini nzima. Nikaibeba kwa mikono miwili kama kichanga mpaka ofisini, kiyoyozi kinapuliza. Dada wa mapokezi akaipokea, akavuta droo, akatoa mkasi, kra! Mbele yangu. Hata kukaa nilikuwa sijakaa.

"Dada, umefanya nini?"

"Nahakiki, kaka. Tunahakiki nyaraka zote za mteja."

Alipoona uso wangu umebadilika akachukua stepla, akaipiga pini tatu, akanirudishia niitazame kama fundi cherehani anayekuonyesha kiraka. Bosi akatoka chumba cha ndani kuuliza kelele za nini. Akacheka. "Ondoa wasiwasi bwana, wale Wazungu hawana muda wa kukagua mihuri." Na mimi, hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikaitikia kwa kichwa.

Wiki kadhaa baadaye jibu likaja: nyaraka hazikubaliki, bahasha imefunguliwa. Nikarudi pale na ujumbe kwenye simu. Sikufoka. Nilisema tu kwamba gharama ya kutuma mara ya pili waibebe wao. Bosi akanitazama tangu viatu mpaka kichwani, wateja wengine wamekaa, akasema: "Nyie watu wa Kusini msimu wa korosho ukifika mnakuwa na midomo." Ofisi iko Mtwara hapa hapa, jamani. Kodi analipa Mtwara, pweza wa mchana anakula Mtwara. Na kweli hela niliyomlipa ilikuwa ya korosho. Mzee wangu Tandahimba alisubiri mnada, akasubiri na malipo ya stakabadhi ghalani, akanitumia bila kuniuliza hata swali moja. Kwa hiyo tusi lile halikuniangukia peke yangu.

Jina la ofisi siandiki. Wanajijua.

Nisiwe mwongo lakini, kuna jambo walinisaidia. Nilikuwa nakaribia kulipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa Academic, kwa kudhani msomi anafanya wa wasomi. Yule yule dada wa mkasi ndiye aliyenizuia: "Kaka, kwa ukaazi wanataka General Training, huo mwingine hawaupokei." Ni kweli kabisa. Aliniokolea hela, na kwa hilo namshukuru. Ndiyo maana mwanzoni, kwenye maoni haya ya mteja, nilipanga kuwapa nyota mbili.

Nikabaki na moja siku nilipokaa mwenyewe nikasoma. Kumbe kufungua wasifu kwenye Express Entry, mfumo wa mtandaoni ambao Kanada inachagulia wenye ujuzi wa kuwapa ukaazi, ni bure. Bure! Unalipia mtihani wa lugha kwa wenye mtihani, upimaji wa vyeti kwa wapimaji, na ada ya maombi yenyewe baadaye ukishaalikwa. Mimi nilimlipa mtu laki nane anijazie fomu ya bure. Halafu nikakuta kwamba kwa sheria ya Kanada anayelipwa kukuwakilisha kwenye maombi haya lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni yao, na orodha ya washauri hao iko mtandaoni, kila mtu anaisoma. Nikatafuta jina la bosi. Nikatafuta kwa tahajia zote. Wapi.

Na ile hadithi yake ya alama 67! Alinipigia simu usiku kunipongeza: "Umepata zaidi ya 67 kati ya 100, umeshapita." Nikamwambia mama, mama akawaambia majirani, Chikongola nzima ikajua naondoka. Kumbe 67 ni za kukuruhusu kuingia tu. Ukishaingia unapangwa upya kwa alama zinazofika 1,200, unashindana na dunia nzima, na wanaalikwa wa juu. Nimebaki naamkiwa sokoni, "Bado upo?"

Nilipanda basi mwenyewe kwenda Dar, zaidi ya kilomita 550, kufuata bahasha ya pili. Mama wa masjala alinikumbuka. Nilimweleza habari ya mkasi, akaweka kalamu chini, akasema, "Mwanangu, hii kaipeleke mwenyewe, usimpe mtu hata kama ni shemeji yako." Akagonga muhuri mara tatu safari hii. Hakuniomba hata hela ya soda. Kama ningekuwa na nyota za kugawa ningezimimina zote kwenye lile dirisha lake lenye nondo. Nikaituma hapo hapo Dar, ikapokelewa bila neno.

Ila katikati ya bahasha ya kwanza na ya pili nilitimiza miaka 31. Kwa asiye na mwenza, umri wa miaka 30 una alama 105, ukifika 31 unabaki na 99. Alama sita zimekwenda na pini za stepla. Tena watu wakifungana alama, anatangulia aliyeingiza wasifu wake mapema, kwa hiyo kuchelewa kule kumenipiga mara mbili. Nafanya nini sasa? Nasoma Kifaransa usiku, maana nacho kinaongeza alama. Mchana natengeneza jenereta za watu, gesi ya hapa kwetu ilishapanda bomba pale Madimba ikaenda Dar na sisi mafundi tukabaki tunaitazama njia.

Kwa hiyo msiende. Au nendeni mkaulize maswali, msikilize, msiache hela wala karatasi. Hapana, msiende.

Nilikuwa nimeishia hapo. Juzi usiku ujumbe ukaingia kwa namba nisiyoijua: "Kaka samahani, ni mimi wa mapokezi. Nami nataka kuomba, nina diploma. Nisaidie nianzie wapi." Nikaiweka simu chini. Nikaichukua tena. Nikamtumia sauti ya dakika sita, mtihani upi, vyeti vinapimwaje, asimlipe mtu. Akajibu asubuhi: matokeo yake chuo kitayaleta kwenye bahasha, na pale ofisini anaogopa kuyapokelea. Anaweza kuiacha kwangu?

Nimemwambia ailete.