Kipimo cha uvujaji wa silinda chenye geji mbili: kinunue kabla ya kununua tabo

Subaru ya tabo (kifaa kinachozungushwa na gesi ya ekzosti na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ikianza kutoa moshi wa samawati, jibu la haraka katika gereji nyingi za Nakuru ni kwamba tabo imekufa. Nyingine inanunuliwa, inafungwa, na moshi unabaki palepale. Kipimo cha uvujaji wa silinda kingezuia hasara hiyo. Kwa gari lililoongezewa nguvu, sisi tunakiweka mbele ya skana inayosoma kompyuta ya gari na mbele ya geji ya kawaida ya kompresheni, ile inayopima pistoni inabana hewa kwa presha gani.

Tabo mara nyingi ni nzima na injini ndiyo mgonjwa. Injini ikigonga, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda, chini ya presha kubwa, kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi hupasuka. Kwenye EJ25, injini ya lita 2.5 ya familia ya EJ ya Subaru, silinda ya 4 ndiyo yenye sifa mbaya zaidi kwa hilo. Gesi ya mwako hupenya kando ya pistoni na presha hupanda ndani ya injini. Sasa kumbuka kwamba oili inayolainisha tabo hurudi kwenye injini kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Ikikutana na presha inayosukuma kutoka chini, haishuki. Hujaa ndani ya tabo, hupita kwenye sili, na kuungua kwenye ekzosti. Ukifunga tabo mpya hapo, nayo itatoa moshi uleule.

Kifaa chenyewe ni rahisi: regyuleta ya kurekebisha presha ya hewa, geji mbili, tundu dogo la kubana hewa katikati yake, na mpira unaofungwa mahali pa plagi. Geji ya kwanza huonyesha hewa inayoingia, ya pili hewa iliyobaki kwenye silinda. Ukiingiza psi 100 na ya pili ikasoma 90, uvujaji ni asilimia 10. Kwa Subaru zenye injini za EJ hakikisha seti ina nyuzi za milimita 14, na mpira uwe mrefu unaokunjika, kwa sababu plagi ziko ubavuni, zimebanwa na chesi. Upande wa kushoto, kwenye silinda ya 2 na ya 4, toa betri kwanza. Kulia, kwenye ya 1 na ya 3, toa boksi la chujio la hewa.

Pima injini ikiwa na joto. Zungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa soketi ya 22 mpaka valvu zote za silinda hiyo zifunge na pistoni ifike mwisho wa safari yake upande wa plagi. Hapa ndipo watu huumia. Pistoni isipokuwa sawasawa, hewa huisukuma na krenki huzunguka ghafla, na mkono ulio karibu na mikanda huchukuliwa. Tia gia ya juu, vuta breki ya mkono, na usiache soketi kwenye puli wakati wa kufungulia hewa.

Kisha sikiliza. Hewa ikivuma kwenye kifuniko cha kujazia oili, tatizo ni ringi au pistoni. Ikisikika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, ni valvu ya kuingizia; kwenye bomba la ekzosti, valvu ya kutolea. Mapovu kwenye redieta ni gasketi ya hedi. Injini nzuri husoma kati ya asilimia 5 na 10. Ikizidi 20, jiandae kuifungua. Tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe: 8, 9, 8 na 27 ni kesi iliyokwisha kuamuliwa, na kamera ya nyoka, ile ndogo inayoingizwa kwenye tundu la plagi, itathibitisha tu. Pistoni za kufua (forged) huwa na nafasi kubwa kati yake na silinda zikiwa baridi, kwa hiyo usizihukumu kabla injini haijapata moto.

Geji ya kompresheni huku kwetu inahitaji uangalifu, na hii ndiyo sababu yetu kubwa ya kupendekeza kifaa hiki. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ina karibu asilimia 80 ya presha ya pwani. Injini inayosoma psi 160 Mombasa itasoma karibu 128 Nakuru na karibu 140 Kisumu, bila kuharibika chochote. Anayefuata namba za kitabu peke yake ataifungua injini nzima. Kipimo cha uvujaji hutumia hewa ya kompresa, hivyo mwinuko haukisumbui. Tena silinda za Subaru zimelala: oili iliyovuja hutanda ndani, huziba ringi, na kuipandisha kompresheni kwa uongo. Ile mbinu ya kumimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima upya haifai hapa, maana oili hukaa upande wa chini tu.

Mwinuko huohuo huua tabo zilizo nzima. Presha ya tabo ya bar 1.2 kwenye geji ina maana tabo ya Mombasa inabana hewa mara 2.2, na ya Nakuru karibu mara 2.5. Inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka na joto zaidi. Ongeza mlima mrefu wa Salgaa hadi Mau Summit, na petroli iliyo chini ya ile ya okteni karibu 100 ambayo injini za STi, Subaru za kasi za Japani, ziliundwa nayo. Ramani ya kompyuta ya injini, yaani mipangilio yake ya petroli, cheche na presha ya tabo, iliyoandikwa pwani iandikwe upya kabla ya kupandishwa huku.

Kasoro za kifaa zipo. Seti za bei nafuu huwa na regyuleta inayoteleza: unaweka 100, ukigeuka imeshuka 92. Pete za mpira kwenye viungo huvuja, kwa hiyo pitisha maji ya sabuni kabla ya kuilaumu injini. Tundu la katikati hutofautiana kati ya watengenezaji, basi usilinganishe asilimia za seti mbili. Pampu ya tairi ya kuchomeka kwenye gari haitoshi; tumia kompresa ya fundi wa pancha, yenye mtego wa maji. Ikishindwa kushikilia 100, pima kwa 60: ikisoma 54, uvujaji bado ni asilimia 10.

Silinda zote zikiwa salama, sasa ipime tabo. Toa bomba la kuingiza hewa, sukuma na vuta shafti. Mchezo wa mbele na nyuma ukizidi takriban milimita 0.1, beringi ya msukumo imekwisha. Mchezo kidogo wa pembeni ni kawaida, mradi mapanga hayagusi nyumba yake. Ikiwa imekufa kweli, tafuta sababu kabla ya kufunga nyingine: chujio dogo ndani ya bolti ya bomba la oili, ambalo huziba kwenye injini nyingi za EJ, na mrija wa kunyonya oili kwenye sampu, chombo cha oili chini ya injini, ambao hupasuka. Osha pia intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo. Oili iliyobaki humo hushusha okteni na kuirudisha injini kwenye kugonga.

Kifaa hiki hakitakuambia lolote kuhusu beringi za kondirodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Kama tabo ilivunjika na oili ikabeba vipande vyake vya chuma, fungua chujio la oili kwa kikata chake, si kwa msumeno unaoacha vumbi lake la chuma, kunjua karatasi yake ya kuchujia juani na uangalie. Vimulimuli vya rangi ya shaba vikionekana, usiwashe tena injini hiyo.