Divai ya Ufaransa kwa Bei ya Kawaida: Ipi Ununue Kwanza

Kwenye chupa nyingi za Ufaransa hutakuta jina la zabibu. Utasoma Morgon, Chablis, Vacqueyras: yote ni majina ya mahali. Alsace ndiko hasa walikozoea kuandika aina ya zabibu. Tangu mfumo wa AOC, yaani wa majina ya mahali yanayolindwa kisheria, ulipoanzishwa mwaka 1935, mkulima akitaka kutumia jina la eneo lake hufungwa na masharti: zabibu zipi apande, avune kiasi gani kwa hekta, divai aitengeneze vipi. Kwa hiyo ukijua majina machache ya mahali, umeshajua na kilichomo ndani ya chupa. Hapa nimezipanga kwa kigezo kimoja tu, ladha nzuri ya kinywaji kwa kila shilingi unayoitoa.

Nafasi ya kwanza naipa divai nyekundu ya yale maeneo kumi ya kaskazini mwa Beaujolais, kama Fleurie, Morgon, Moulin-à-Vent na Chiroubles. Zabibu yake ni Gamay, ambayo mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe mwaka 1395 akiiona ya hali ya chini. Sifa hiyo mbaya haijaisha kabisa, na ndiyo inayomsaidia mnunuzi, maana bei haijapanda kama ilivyostahili. Kwenye udongo wa mawe ya graniti Gamay hutoa divai nzuri mno. Kwa kawaida vichala huingizwa pipani vikiwa vizima, na uchachukaji huanza ndani ya punje zenyewe. Rangi na harufu ya matunda vinatoka, ukakasi unabaki kidogo. Mtu anayeonja divai nyekundu kwa mara ya kwanza mpe hii, tena iliyopoozwa kidogo. Usiichanganye na Beaujolais Nouveau, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Hiyo ni ya kusherehekea msimu.

Ya pili ni Côtes du Rhône Villages, ya kusini kwenye jua kali. Grenache ndiyo inayotawala, ikisaidiwa na Syrah na Mourvèdre. Ni nzito, ina viungo na kilevi chake kiko juu, mara nyingi asilimia 14. Kwa nyama ya kuchoma sioni ya kuishinda kwa bei hiyo. Ukikuta jina la kijiji limeongezwa, kwa mfano Séguret, masharti yake ni makali zaidi.

Ya tatu ni Crémant, divai ya mapovu kutoka Loire, Alsace, Burgundy au Limoux. Huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, sawa na Champagne, kisha hulala juu ya mashapo ya chachu kwa miezi isiyopungua 9. Champagne hukaa ghalani miezi 15 au zaidi, na iliyo bora inastahili bei yake. Ila kwa pesa ya Champagne ya bei ya chini kabisa, mimi nachukua Crémant nzuri. Neno Brut maana yake ni kavu, yaani isiyo na utamu wa wazi. Demi-Sec ina sukari ya wazi.

Kwa samaki, pweza na chaza, chukua Muscadet iliyoandikwa sur lie, yaani iliyokaa juu ya mashapo ya chachu. Ni nyeupe, nyepesi na ina uchachu unaoamsha mate.

Bordeaux naiweka chini, na najua wengi watabisha. Madaraja ya ubora yaliyopangwa huko mwaka 1855 yalihusu mashamba machache tu, lakini umaarufu wake umezifunika hata chupa za kawaida. Maneno "Grand Vin de Bordeaux" hayathibitishi ubora. "Vieilles Vignes", yaani mizabibu mizee, nayo haina umri uliowekwa kisheria. Ya mwisho ni Burgundy nyekundu ya bei rahisi: Pinot Noir ni zabibu dhaifu yenye ganda jembamba, mashamba ni madogo, na wanaoitaka ni wengi.

Kabla hujalipa, angalia duka. Chupa iliyosimama dirishani juani, au ambayo kizibo chake kimeinuka, iache, joto limeshaiharibu. Angalia na mwaka: Muscadet na Côtes du Rhône za kawaida zinywe zingali changa, ila Morgon na Moulin-à-Vent za mkulima mzuri zinaweza kukusubiri miaka kadhaa, mradi umezilaza gizani penye ubaridi.