Kompresa ya lita 50 kwenye karakana ya nyumbani: uzoefu wangu

Kabla ya kuangalia kompresa yoyote, yaani mashine ya kubana hewa, jua kwanza utaendesha kifaa gani. Wauzaji hutanguliza ukubwa wa tangi na nguvu farasi za mota, lakini kinachoamua ni hewa inayotoka kwa dakika mashine ikiwa kwenye presha ya kazi.

Yangu ina mota ya nguvu farasi 2, tangi la lita 50, pistoni inayolainishwa kwa oili, na presha yake ya juu ni bari 8 (bari ni kipimo cha presha). Kibandiko chake kinasema lita 206 kwa dakika. Hiyo ni hewa inayovutwa. Inayotoka kwenye bari 6 imeandikwa ndani ya kitabu chake, kwa herufi ndogo: lita 125. Kwa namba hiyo ndiyo nikaichagua.

Kwenye bunduki ya misumari naipenda sana. Napigilia fremu mota ikiwa imenyamaza, inawaka mara mojamoja tu. Kujaza upepo na kupuliza vumbi la mbao haiisumbui. Spana ya upepo nayo inafungua nati za magurudumu vizuri, kwa kuwa kila nati ni kazi ya sekunde chache.

Inaposhindwa ni kwenye msasa wa kuzunguka, ile mashine ya upepo ya kusugulia. Kifaa hicho kinakula kama lita 300 kwa dakika, mfululizo. Piga hesabu: tangi la lita 50 likishuka kutoka bari 8 hadi 6 linatoa lita 100 tu za hewa, yaani lita 50 kwa kila bari inayoshuka. Mota inarudisha 125 kila dakika, kwa hiyo kuna pengo la 175, na akiba ile inakwisha kwa sekunde kama 35. Tangi la lita 100 lingenipa sekunde 70, kisha tuko palepale. Ndiyo maana simshauri mtu alipie tangi kubwa juu ya pampu ndogo. Msasa wangu ni wa umeme na unanitosha.

Rangi inawezekana. Nimepuliza milango ya kabati kwa bunduki ya aina inayotumia hewa kidogo, na imetoka laini. Ila funga kichujio cha maji. Hewa ikibanwa hupata moto, ikipoa mvuke wake unageuka maji, na tone moja likifika kwenye rangi linaacha doa. Maji hayohayo hulila tangi kwa ndani, na tangi lililoliwa na kutu linaweza kupasuka likiwa na presha. Mimi nafungua koki ya chini kila nikimaliza kazi, bila kuruka.

Kelele zipo, vaa vizibo vya masikio. Na usiiwashe kwa waya mrefu mwembamba, kwa sababu volti hushuka na mota huunguruma bila kuanza. Kama kazi iko mbali, ongeza mpira wa upepo.

Mwenye kazi nyingi za msasa, au anayepuliza rangi gari zima, asichukue hii. Atafute kompresa ya mkanda, ambayo mota huzungusha pampu kwa mkanda, inayotoa lita 300 na kuendelea kwenye bari 6, na kabla ya kulipa amuulize fundi umeme kama nyaya za nyumbani zinaweza kuibeba, kwa sababu mota ya namna hiyo huanzia nguvu farasi 3.