Boti za Kioo za Malindi: Kabla ya Kumpigia Mwanao Simu, Tazama Mwezi

Mzazi anayekwenda Malindi kumwona mwana aliyehamia huko kikazi hujikuta na asubuhi nyingi za peke yake. Mwana yuko kazini hadi jioni, na mgeni hana jirani wa kupiga naye soga. Kwa anayependa bahari, awe muogeleaji au mtu wa kutazama samaki tu, boti zenye kioo sakafuni zinazoondoka Casuarina, kusini mwa mji, kwenda Hifadhi ya Bahari ya Malindi, zinafaa kuliko kushinda sebuleni ukingoja mlango ugongwe. Zinastahili pesa yake, ila kwa masharti, na sharti la kwanza halihusu boti wala nahodha. Linahusu mwezi.

Siku za bamvu maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu tofauti ni kama mita 1 tu. Wakati wa bamvu maji hukupwa, yaani hushuka hadi mwisho, karibu saa nne asubuhi, na wakati wa maji mafu saa hiyo hiyo ndipo yamejaa. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Huhitaji programu ya simu kujua hili. Kalenda yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Mwezi unapoandama, na tena tarehe 14 hadi 17, ni bamvu. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Kwa hiyo ile Jumapili moja ambayo mwanao ana nafasi huenda isiwe siku ya boti kabisa. Usimlazimishe. Nenda peke yako Jumatano, na Jumapili mkatembee magofu ya Gede, ambayo hayajali maji yamejaa au yamekupwa.

Siku ipi ni nzuri? Inategemea unachopenda. Anayetaka kukaa kitini na kutazama chini achague bamvu, awe juu ya matumbawe kuanzia saa tatu hadi saa tano. Maji yakiwa machache, samaki wako karibu na kioo na rangi zinaonekana. Ukienda wakati yamejaa, utalipa pesa ileile kutazama vivuli vya samaki. Anayetaka kuogelea kwa muda mrefu, hasa mwenye umri wa kupata wajukuu, afadhali maji mafu: matumbawe yako chini zaidi, lakini mkondo ni mpole. Bamvu ina mkondo mkali. Maji huchukua takriban saa sita kukupwa, na nusu yake yote hupita katika saa ya tatu na ya nne. Hapo hata kijana huchoka, na mtu huona boti inazidi kuwa mbali ilhali anapiga mbizi kuielekea.

Halafu kuna tope. Mto Sabaki humwaga udongo mwekundu baharini kaskazini mwa mji, na upepo wa kaskazi husukuma tope hilo kusini, kuelekea Malindi. Mvua za vuli zikiwa kubwa, Novemba na Desemba maji huwa kama chai ya maziwa. Masika nayo hayafai, na kusi ikichafuka bahari haina raha. Februari na Machi, kabla ya mvua, ndiyo miezi ya kumwambia mwanao unakuja. Ukifika mapema, simama ufukweni kwanza. Ukiona rangi ya kahawia imefika mwambani, ahirisha. Nahodha mkweli atakwambia hivyo hivyo, na asiyekwambia hastahili pesa yako.

Tuje kwenye kioo chenyewe. Mchanga hukikwaruza na ukungu wa mwani hukifunika kwa chini. Kabla ya kulipa, panda, inama, tazama. Kama huoni mchanga wa ufukweni vizuri boti ikiwa imeelea hapo hapo, hutaona kitu mbele. Kiwe na kivuli juu, maana jua likipiga kioo moja kwa moja utajiona mwenyewe badala ya samaki. Keti katikati, si omo wala tezi, kwa sababu ncha za boti ndizo zinazorukaruka. Kuinamia kioo boti ikiyumba ndiko kunakochafua tumbo. Kila dakika chache inua macho utazame ufuo. Kula kidogo asubuhi, viazi karai vingoje kurudi.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni miwani ya maji ya kuazima, ile inayofunika macho na pua. Mpira wake mara nyingi umekakamaa. Ijaribu nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikishikilia yenyewe, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine, na usikubali kuambiwa ukaze mkanda. Kukaza sana huukunja mpira na maji huingia zaidi. Masharubu na nywele zilizobanwa chini ya ukingo huvujisha. Mwenye mtandio aufunge nyuma ya masikio, mkanda upite juu yake, kitambaa kisiguse mpira wa usoni. Ukungu wa ndani huondoka kwa kutema mate, kupaka na kusuuza mara moja. Kama miwani ni yako na ni mpya, isugue kwanza kwa dawa ya meno, maana kiwandani hubaki utando ambao mate hayauwezi. Miwani ya kusomea haivaliki ndani yake kwa sababu vipini vyake huinua mpira. Lakini wengi hawaihitaji, kwani chini ya maji kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja.

Mrija wa kupumulia ukiingia maji, puliza mara moja kwa nguvu kabla ya kuvuta. Wanaopaliwa ni wale wanaovuta kwanza. Jaketi la kuokolea livae hata ukijua kuogelea. Unaelea bila jasho na huna haja ya kukanyaga matumbawe. Ukiyakanyaga yanavunjika, nawe unachanika mguu, na kidonda cha matumbawe ni kizito kupona. Vaa fulana ya mikono mirefu, maana anayeelea kifudifudi huungua mgongo bila kujua.

Usitarajie bustani ya kwenye picha za zamani. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya hapa, na makovu bado yapo. Samaki ndio utajiri. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968 na uvuvi hauruhusiwi ndani yake, kwa hiyo pono, kangaja, kikande na kitatange hukusogelea kana kwamba wewe ndiye unayetazamwa. Baadhi ya manahodha huwatupia mkate ili wajazane. Kataa kwa upole: mkate si chakula chao, na wanaokuja ni walewale wakorofi, wenye haya hujificha.

Pesa ni mbili tofauti. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kwa njia ya mtandao, si kwa noti mkononi mwa nahodha. Beba kitambulisho ili utozwe bei ya raia. Boti ni mapatano. Uliza bei ni ya boti nzima au ya kichwa, muda wa safari unahesabiwa tangu wapi, na kama miwani imo ndani. Kisha uliza hivi: "Nahodha, leo maji yanakauka saa ngapi?" Akijibu bila kufikiri, mko salama.

Maji yakikupwa sana, wengine hukushusha kwenye fungu la mchanga. Ni pazuri kwa asiyeogelea, kuna viti vya pweza, yaani nyota za baharini, na kaa wadogo. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu wale wanyama weusi wa miiba mirefu hukaa kwenye mawe ya pembeni, na patana kabisa muda wa kurudi. Bamvu likianza kujaa, fungu hilo huliwa upesi.